Mdogo wangu ametolewa kwenye kwaya, nifanyeje?

Swali: Wadau niko Malindi, mdogo wangu ndo alikuwa anatupigia kinanda kwaya, tangu ijulikane ni shoga kaambiwa akae nyuma na kinanda kimefunikwa shuka mpaka leo, nikimtetea naambiwa nimepotea. Nifanyeje jamani?

Jibu: Pole dadangu. Papa Francis Desemba 2023 aliruhusu mapadri kuwabariki wapenzi wa jinsia moja, ila si ndoa wala si ibada, hapo watu huchanganya sana.

Jibu: Biblia haijabadilika, msituletee ya Ulaya.

Jibu: Ulaya gani? Desmond Tutu alikuwa askofu mkuu wa Anglikana huko Afrika Kusini na 2013 alisema mbingu inayochukia mashoga yeye haendi, afadhali kule kwengine 😂

Muulizaji: Mie sitaki makubwa, arudi kinandani tu.