Naomba ushauri: mgongo wa binti yangu umepinda, bingwa wa mgongo nampataje?

Mama Wawili
Wakuu, habari zenu. Nipo Iringa, binti yangu ana miaka 13. Nilimshonesha sketi ya shule, ikawa imepanda kulia, imeshuka kushoto. Nikairudisha kwa fundi mara mbili, tukagombana. Mara ya tatu akamsimamisha mtoto mbele ya kioo: "Mama, sketi haina kosa. Tazama nyonga." Kweli, moja ipo juu, na bega la kulia limechomoza.

Hospitali tuliyoanzia walitupa dawa za maumivu, na mtoto haumwi popote! Eti atanyooka akikua. Roho haijatulia. Nimpeleke MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar, moja kwa moja? Tunatumia bima ya NHIF.

Kobe Mzee
Pole dada. Usipande basi kwanza. Ukitokea Muhimbili bila rufaa, bima itakusumbua na nauli imeshakwenda. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, umwone daktari wa mifupa, akuandikie barua.

mchongo_tu
Hayo ni mambo ya kubeba ndoo upande mmoja. Mtafutie mzee wa kuchua, mafuta ya nyonyo wiki mbili tu.

Nesi wa Zamu
Mchongo, acha. Ndoo haipindishi uti hivyo, na mafuta hayaunyooshi. Kwa watoto wengi wa umri huo chanzo huwa hakijulikani.

Mama Wawili, mwambie ainame mbele, magoti yamenyooka, mikono ining'inie. Simama nyuma yake. Mbavu za upande mmoja zikiinuka kama kichuguu, ujue uti umepinda na kujizungusha. Omba eksirei ya uti mzima akiwa amesimama. Akilala, pinda linajificha. Humo watapima pembe ya Cobb, yaani uti umepinda nyuzi ngapi. Kuanzia nyuzi 10 ndiyo huitwa skoliosisi, yaani uti kupinda upande. Nyuzi 25 hadi 40, kwa mtoto anayekua, mara nyingi huvishwa mkanda mgumu. Ikifika 45 au 50 ndipo huanza habari za upasuaji.

Ameshavunja ungo?

Mama Wawili
Bado. Na amerefuka ghafla, viatu vya Januari havimwingii.

Nesi wa Zamu
Basi usingoje, kipindi hicho ndicho pembe hukimbia. Na barua uisome kabla hujatoka chumbani kwa daktari. Ikiandikwa "maumivu ya mgongo" tu, atapangwa foleni moja na watu wazima wanaoumwa viuno. Iandikwe umri, nyuzi ngapi, hajavunja ungo, anakua kwa kasi. Ukipiga simu, ulizia kliniki ya mgongo, usiseme mifupa tu.

Baba Tatu
Naongezea: beba picha yenyewe mkononi, usitegemee majibu ya karatasi. Wangu alivaa mkanda saa 18 kwa siku, na joto hili la Dar! Wiki ya kwanza alilia kila usiku. Kilichomsaidia ni fulana ya pamba ya kubana, isiyo na mshono ubavuni, anabadilisha mchana.

Mama Wawili
Nimerudi wakuu. Nyuzi 31. Barua ninayo, niliisoma palepale, ikabidi daktari aongeze mstari. Tarehe tumepewa, mwezi ujao. Fundi nimemwomba radhi na soda nimemnunulia.

Sasa mwenye kujua gesti ya bei nafuu maeneo ya Upanga anitajie, tutalala siku mbili.