Naomba ushauri: besi inafunika maneno, nisawazisheje spika na sabufa kwenye risiva?

Kijana wa Bwiru
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa wenye ujuzi wa homu thieta.

Nipo Bwiru, Mwanza. Nina risiva (amplifaya inayogawa sauti kwa spika) ya 5.1: spika mbili ndefu za mbele, moja ya kati, mbili za nyuma, na sabufa ya inchi 10 yenye amplifaya yake ndani. Sebule ni mita 5 kwa 4, chini vigae, juu jipsamu, na kuna dirisha kubwa la alumini linaloangalia ziwani. Filamu ikifika kwenye milipuko dirisha linalia lote, halafu watu wakianza kuongea huambulii kitu.

Baba amekuja kukaa nasi na masikio yake siku hizi ni mazito kidogo. Anapenda taarifa ya habari na filamu za Kiswahili, lakini muda wote anauliza "kasemaje huyo?" Nikiongeza sauti asikie, besi nayo inapanda, na jirani wa chini ya mlima ameshakuja kuongea nami kwa upole. Fundi mmoja anasema ninunue sabufa kubwa zaidi. Sijashawishika.

Sabufa iko kona nyuma ya kochi, nobu yake ya sauti robo tatu. Kwenye menyu spika za mbele zimeandikwa Large. Ya kati iko ndani ya kabati la TV. Nianzie wapi?

Fundi Makoroboi
Usinunue chochote mkuu. Besi unayo ya kutosha, ila imerundikana kwenye masafa machache. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Gawa kwa urefu wa chumba mara mbili. Upande wa mita 5 unavuma karibu na 34 Hz (mitetemo 34 kwa sekunde), wa mita 4 karibu na 43 Hz. Sabufa ikikaa kona inaamsha pande zote mbili kwa pamoja. Ukileta kubwa ukaiweka palepale, mvumo utazidi tu.

Anza na menyu. Spika zote tano weka Small, hata hizo ndefu. Usiangalie ukubwa wa boksi, hapo unaielekeza risiva besi iende wapi. Krosova, yaani mpaka wa kugawa besi na sauti nyingine, weka 80 Hz. Besi iliyo chini ya hapo itaenda kwenye sabufa, na risiva itabaki na nguvu yake kwa ajili ya sauti za watu. Ukiona mahali pameandikwa LFE+Main (LFE ni njia maalumu ya besi ya filamu, Main ni spika za mbele), chagua LFE peke yake, maana ukiacha spika za mbele kwenye Large pamoja na hiyo, besi ileile inapigwa mara mbili. Kichujio cha LFE kiache 120 Hz. Kwenye sabufa yenyewe, nobu ya krosova izungushe mpaka mwisho, kwa sababu kazi ya kuchuja sasa ni ya risiva. Zikichuja zote mbili, sauti za katikati zitapungua bila wewe kujua zimeenda wapi.

Halafu mahali pa kuiweka. Hapa usiwe na haraka, ndipo penye faida kuliko kote. Ibebe sabufa uiweke juu ya kochi, palepale anapokaa mzee. Piga muziki wa dansi wenye gitaa la besi linalopanda na kushuka, kisha tambaa kando ya kuta, kichwa chini usawa wa sabufa. Kuna sehemu noti moja itavuma na nyingine kupotea. Kuna sehemu zote zitatoka kwa uzito unaokaribiana. Hapo ndipo pake.

Baada ya hapo ndipo uguse viwango. Nobu ya sabufa irudishe nusu. Washa ile sauti ya majaribio ya risiva, kaa kwenye kiti cha mzee, mita ya sauti usawa wa sikio, ukiiweka kwenye C (mizani inayohesabu na besi) na Slow, yaani mwendo wa polepole. Rekebisha kila spika mpaka isome 75 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti). Kama huna mita, programu ya simu inatosha kulinganisha zile spika tano, ila kwa sabufa usiiamini sana, maiki za simu nyingi haziishiki vizuri besi ya chini.

Dada wa Igoma
Naunga mkono. Ila kaka, hiyo spika ya kati itoe ndani ya kabati leo hii. Kwenye filamu za 5.1 maneno mengi yanatokea hapo, na wewe umeyafungia kwenye boksi. Isogeze mpaka ukingoni kabisa mwa rafu, uiinue mbele kidogo itazame uso wa baba. Tandika zulia nene kati ya TV na kochi, na dirisha hilo liwekee pazia zito. Vigae na kioo vinarudisha sauti, ndiyo maana maneno yanasikika yamevurugika.

Angalia pia hali ya kupigia. Chaneli nyingi za king'amuzi zinatuma sauti ya stirio tu. Risiva ikiwa kwenye Stereo, spika ya kati inakaa kimya kabisa. Weka Dolby Surround, au Pro Logic II kama ni risiva ya zamani, maneno yatarudi katikati.

Mzee wa Nyakato
Vijana, kama risiva ilikuja na maiki yake ya kupimia chumba na kujirekebisha yenyewe, itumieni. Denon na Marantz nyingi zina Audyssey, Yamaha wana YPAO, Pioneer wana MCACC. Maiki ikae usawa wa masikio ya aliyeketi, juu ya kitu kisichotikisika, wala si kwenye mto wa kochi. Feni izimwe, watoto watoke nje. Ikimaliza, hakikisha haijarudisha spika za mbele kwenye Large, hufanya hivyo mara nyingi.

Kijana wa Bwiru
Shikamoo mzee, na shukrani kwenu nyote. Sabufa sasa iko mbele, katikati ya spika ya kushoto na TV, na maiki nimeitumia. Tofauti ni kubwa. Ila vitu viwili sivielewi: sabufa imeandikwa −12 dB, na umbali wake risiva inasema mita 5.6 wakati futi kamba inasoma mita 3.4.

Fundi Makoroboi
Hiyo −12 ndiyo mwisho wa kupunguza kwenye risiva nyingi, maana yake hata hapo huenda bado imezidi. Shusha nobu ya sabufa, upime upya mpaka isome kati ya −6 na 0.

Umbali usiuguse. Vifaa vya umeme ndani ya sabufa vinachelewesha sauti kidogo, na risiva inauhesabu ucheleweshaji huo kama umbali. Mita moja ni kama milisekunde 3. Ukiandika 3.4 sabufa itachelewa nyuma ya spika nyingine.

Dada wa Igoma
Na kwa ajili ya baba, baada ya kupima ongeza spika ya kati peke yake 2 au 3 dB. Kanuni ya usawa iliwekwa kwa masikio mazima, yeye mpe anachohitaji.

Mzee wa Nyakato
Marahaba. Usiku washa ile ya kubana sauti, menyu nyingine huiita Night, nyingine Dynamic Range. Inapunguza milipuko na kuinua maneno. Besi ya 34 Hz ina urefu wa mita 10 hivi, ukuta wa tofali hauizuii sawasawa, kwa hiyo saa nne ikipita mpunguzie jirani sabufa 4 au 5 dB.

Kijana wa Bwiru
Sawa mzee, naanza na nobu ya sabufa, ya kati naiongeza 3 baada ya kupima upya. Fundi, swichi ya fezi, ile ya kugeuza wimbi la sabufa, niache 0 au nijaribu 180?

Fundi Makoroboi
Jaribu zote mbili ukiwa umekaa kitini, kwa sauti ya majaribio ya 80 Hz, sabufa na spika za mbele vikipiga pamoja. Acha pale inaposikika nzito zaidi. Ukishamaliza, ipige picha menyu ya viwango uihifadhi kwenye simu.