Naomba ushauri: taa ya mbele upande wa kushoto dimu (mwanga wa chini) inafifia, fulu (mwanga wa juu) iko poa

Habarini wakuu, naombeni msaada wenu mafundi umeme wa magari. Gari yangu ni ndogo, inatumia globu za H4 (zile zenye dimu na fulu ndani ya globu moja, 55/60W), taa ya kushoto nikiweka dimu inawaka nyekundu nyekundu kama mshumaa ila nikipiga fulu inawaka vizuri tu, kulia haina shida yoyote.

Nimeshabadilishana globu za kulia na kushoto tatizo likabaki kushoto kule kule, fyuzi nzima, nikachukua mita nikapima kwenye soketi globu ikiwa nje inasoma volti 12 na kitu, ila nikichomeka globu inashuka mpaka kama 7 hivi. Nilipoichunguza soketi nikakuta tundu moja limeungua, plastiki imekuwa kahawia na pini yake imelegea. Aliyeniuzia gari alikuwa amefunga globu za 100W, nahisi ndo zimeiunguza.

Sasa wakuu, nikibadilisha soketi tu inatosha au waya nao utakuwa umeshaliwa ndani? Na ethi ya taa (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi) naipimaje hapa nyumbani kabla sijaanza kukata waya? Usiku natembea kwa wasiwasi kweli, natanguliza shukrani.