Seva ya nota za kwaya: Raspberry Pi, laptopu ya mtumba, kompyuta ndogo ya ofisini au VPS?

besi_pasua (Moshi) · Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kuchagua kabla sijatoa hela mfukoni.

Kwaya yetu ina nota zaidi ya 400, nyingine zimepigwa picha kutoka kwenye madaftari ya wazee ambao hatunao tena. Zote zinakaa kwenye simu ya katibu. Simu hiyo ikidumbukia kwenye maji leo, hatuna nakala. Kwa hiyo nimekuwa nikijifunza PHP usiku, nimetengeneza tovuti ndogo: unatafuta wimbo kwa jina, kwa mtunzi au kwa kipindi, Majilio, Kwaresima, Pasaka, kisha unapakua nota pamoja na rekodi ya sauti yako. Kwenye kompyuta yangu inakwenda vizuri. Sasa inahitaji pa kukaa.

Ninayo Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ya GB 4. Nafikiria pia laptopu ya mtumba, zile kompyuta ndogo za ofisini kama HP EliteDesk Mini na ThinkCentre Tiny, au kukodi VPS, yaani seva ya mtandaoni, Ulaya. Huku kwetu umeme ukikatika unaweza kurudi baada ya dakika tano au usiku wa manane. Na waimbaji wengi wananunua bando la siku. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

fundi_sakina (Arusha) · saa 3:42 usiku

Mangi, Pi ni mashine nzuri, ila usiiendeshe kwa kadi ya SD. Kadi zangu mbili zilikufa ndani ya mwaka mmoja, zote umeme ulikatika hifadhidata ikiwa katikati ya kuandika. Ya pili ilinikuta sina bakapu, nikapoteza picha za kipaimara cha mwanangu. Bado inaniuma. Pi 4 inaweza kuwaka moja kwa moja kutoka kwenye diski ya SSD ya USB, na sasa ndivyo ninavyoitumia. Siku ukihamia Pi 5, angalia chaja: ukiipa ya ampea 3 badala ya 5, inabana milango ya USB yote kwa pamoja hadi miliampea 600, na diski ya nje inaanza kupotea na kurudi. Mtu anahangaika na programu wiki nzima kumbe tatizo ni chaja.

Lakini kwa kazi yako ningechukua laptopu, kwa sababu betri yake ndiyo UPS, inashika umeme ukikatika. Ninayo ThinkPad X240 ya mtumba yenye betri mbili, moja ya ndani na moja ya kuchomoa. Nimeweka Linux ya Debian tupu, skrini imezimwa, inakula kama wati 7. Kwenye faili la logind.conf andika HandleLidSwitch=ignore, la sivyo ukifunga kifuniko seva inalala. Halafu usiiache ikae asilimia 100 muda wote, betri itavimba. Weka TLP, programu ya kusimamia betri, iambie ianze kuchaji ikishuka 40 na iache ikifika 80.

yuniti_ngarenaro (Arusha) · saa 4:05 usiku

Naongeza hesabu ya LUKU. Wati 7 kwa saa 24, siku 30, ni yuniti 5 na kidogo. Pi ikila wati 4 haifiki yuniti 3. Kompyuta ndogo ya ofisini ikiwa kwenye wati 12 ni kama 8.6. Ya kuogopa ni kompyuta kubwa ya mezani: wati 70 ni yuniti 50 kwa mwezi, na kama nyumba yako iko kwenye tarifu ya matumizi madogo yenye kikomo cha yuniti 75, jiko, friji na taa zinagombania 25 zilizobaki.

Mimi naitetea hiyo ndogo ya ofisini. Unaweza kuiongezea RAM, na kwenye BIOS yake, mipangilio ya kabla haijawaka, unachagua ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Ila bila UPS itazimika ghafla kama Pi, hivyo jumlisha na bei ya UPS.

kijenge_mtandao (Arusha) · Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Kuna jambo kubwa hamjamwambia. Kama nyumbani anatumia intaneti ya laini ya simu, huenda seva isifikike kutoka nje hata kidogo. Ingia kwenye rauta utazame anwani ya IP. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mnachangia anwani moja ya nje wateja wengi, na huna mlango wa kufungua. Kinachosaidia ni kukodi VPS ndogo, seva ya nyumbani ijiunge nayo kwa VPN ya WireGuard, ambayo tangu 2020 imo ndani ya kiini cha Linux chenyewe.

Lakini ukishalipia VPS, kwa nini hizo PDF zisikae huko huko? Weka Nginx ya kuhudumia tovuti, cheti cha usalama cha Let's Encrypt kijihuishe chenyewe kabla hakijaisha muda, nyumbani ubaki na bakapu.

alto_rau (Moshi) · saa 2:15 asubuhi

Samahani kaka zangu, mimi kompyuta siijui sana ila naimba. Watunzi wengi wa hizo nyimbo wako hai na wanauza vitabu vyao vya nota. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Ukiziweka wazi mtandaoni utawaumiza watu wanaotulisha kwaya zote. Kwanza waombeni ruhusa. Au zisitoke nje kabisa.

mwl_usariver (Arusha) · saa 7:30 mchana

Dada hapo amenipa wazo. Waimbaji wote mnakutana sehemu moja, siku zinazojulikana. Basi seva iende mazoezini.

Shuleni kwetu nina Pi yenye Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, na Wikipedia ya Kiswahili, intaneti hakuna. Wanafunzi wanajiunga na Wi-Fi, wanafungua anwani, wanasoma. Wewe ukibeba Pi, SSD na pawabenki, watu wanapakua nota bila kugusa bando, na umeme ukikatika mazoezi yanaendelea. Mwanzoni nilitumia Wi-Fi ya Pi yenyewe, wanafunzi walipozidi kumi na kitu wakaanza kukatwa. Nikachomeka rauta ya zamani kwa waya, ikatulia. Pia simu ikiona Wi-Fi haina intaneti huwa inarudi kwenye data kimya kimya, ukurasa haufunguki na mtu anadhani seva imekufa. Waambie wazime data kwanza.

fundi_sakina · saa 8:02 mchana

Mwalimu, nimekubali. Ila nakala inayozunguka kwenye begi isiwe ndiyo pekee. Laptopu ibaki nyumbani, kila ukirudi nakili faili kwa rsync.

besi_pasua · Jumapili, saa 12:40 jioni

Nimerudi na majibu. Jana nilibeba Pi 4, SSD na rauta iliyokuwa kabatini. Kwanza nilikwama: rauta inataka volti 12, pawabenki inatoa 5. Kuna waya wa USB wa kupandisha volti, nikaupata mjini. Waimbaji 31 walijiunga, nota zikashuka kwa sekunde chache. Baada ya saa 3 pawabenki ilikuwa bado zaidi ya nusu.

Mzee wetu wa sauti ya tena alitafuta jina la marehemu kaka yake, akakuta wimbo ulioandikwa kwa mkono. Alibaki kwenye benchi akiuimba kwa sauti ya chini tulipokuwa tunafunga madirisha. Nyimbo za watunzi walio hai nimezifungia kwa neno la siri hadi tuzungumze nao. Dada alto, asante.

Sasa natafuta laptopu ya bakapu. Fundi, betri ya ndani ya X240 unaipata wapi hapo Arusha?

fundi_sakina · saa 1:15 usiku

Usinunue kwanza. Nina moja ya akiba, jana nimeipima, bado inashika. Jumatano nashuka Moshi, nitakuja nayo.