Jioni za ala za asili Kampala: zimeni spika, mnaharibu muziki

Wadau, sasa imetosha. Hizi jioni za kila mwezi zinatangazwa kuwa muziki wa ala za asili bila umeme. Ukifika, spika zimerundikwa kila upande, jenereta inanguruma nyuma ya jukwaa, na kwenye mitambo yupo fundi ambaye hajawahi kushika endongo, ala ya nyuzi ya Kiganda. Waandaaji, someni hapa.

Amadinda, marimba ya Kiganda, ndiyo mnayoiharibu zaidi. Ina mbao 12. Wapigaji wawili, omunazi na omwawuzi, wanakaa wakitazamana, kila mmoja anapiga penye nafasi aliyoacha mwenzake. Mpigaji wa tatu, omukoonezi, anachukua zile mbao mbili ndogo za mwisho. Wimbo unazaliwa mapigo yao yanapoingiliana. Nyinyi mnaweka maiki moja upande wa omunazi, ukumbi mzima unasikia nusu ya wimbo! Tena mmezipandisha mbao kwenye meza ya chuma. Amadinda hulazwa juu ya mashina mawili ya mgomba, mabichi, kwa sababu ulaini wake unauacha ubao ulie. Shina likikauka linasinyaa, vijiti vinavyotenganisha mbao vinalegea, mbao zinaanza kugongana. Migomba imejaa kila kona ya Buganda, mnashindwa nini kukata mashina mawili asubuhi ya shughuli?

Endongo ina nyuzi 8 na ngozi ya kenge. Ule mvumo wa uzi ukigusa ngozi ndiyo sauti yake yenyewe, lakini fundi wenu anaona ni kelele, anaukata, ala inabaki kulia kama ndoo. Halafu mnaipigisha pamoja na kinanda cha umeme! Oktavu ya Kiganda, yaani kutoka noti moja hadi ileile ya juu yake, ina hatua 5 zinazokaribia kulingana, ya kinanda ina 12. Kazeni nyuzi hadi alfajiri, hazitapatana, na lawama anabebeshwa mpigaji.

Engalabi, ile ngoma ndefu, nayo ngozi yake imepigiliwa vijiti vya mti, haina kamba ya kukaza. Unyevu wa usiku ukiingia inalegea, dawa ni kuipasha moto. Mmekataza makaa ndani, sawa. Wekeni jiko moja nje karibu na mlango, na anzeni saa moja kama mlivyoandika, si saa nne ngozi zikiwa zimeshapoa.

Spika abaki nazo mshereheshaji. Watu wakae nusu duara, karibu na ala. Kama ukumbi ni mkubwa mno, amadinda ipate maiki mbili, moja kila upande. Na wapigaji walipwe usiku uleule, hizi habari za njoo Jumatatu tumezichoka.