Dodge M37: kurudisha uasili, kufunga injini ya dizeli, au njia ya kati?

SpanaYaBabu aliandika:

Ndugu wanachama, salaam. Nimepata Dodge M37 iliyokaa bandani kwa miaka mingi, na kabla sijafungua nati ya kwanza ningependa tulinganishe kwa makini njia tatu zilizo mbele yangu. Kwa wasiolifahamu, hili ni lori dogo la jeshi la Marekani lililotengenezwa kuanzia 1951 hadi 1968. Magurudumu yote manne yanavuta, uwezo wake wa kubeba nje ya barabara ni robo tatu ya tani, giaboksi ina gia nne, na transfa (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) ina kasi ya juu na ya chini. Injini yake ni ya petroli, silinda sita mstari mmoja, ujazo wa lita 3.8, vali zikiwa ubavuni mwa bloku badala ya kwenye kichwa, na nguvu zake ni farasi 78.

Njia ya kwanza ni kulirudisha lilivyotoka kiwandani, hadi rangi na taa. Ya pili ni kubakiza chasisi, kebini na ekseli, kisha kufunga injini ya dizeli. Inayotajwa mara nyingi ni Cummins 4BT ya lita 3.9. Ya tatu ni kubakiza injini yake na kuboresha tu yale yanayohusu usalama na matumizi ya kila siku.

Hali yake kwa sasa: chasisi ni nzima, sakafu ya kebini imeliwa na kutu pembeni, injini inazunguka ikisukumwa kwa mkono, na pedali ya breki inafika chini bila kukutana na kitu chochote. Nategemea kulitumia kwenye barabara za kawaida na njia mbovu, si kwa maonyesho. Kazi yote itafanyika nyumbani, nikiwa na jeki, stendi, mashine ya kuchomelea na winchi ya mnyororo.

MlinziWaUasili alijibu:

Hongera, mkuu. Mimi ni wa njia ya kwanza, na sababu zangu ni za kifundi kabla ya kuwa za mapenzi. Injini hiyo ina mgandamizo mdogo, kwa hiyo haihitaji petroli ya daraja la juu, na karibu kila kitu chake kinafikika kwa spana za kawaida ukiwa umesimama pembeni ya bodi. Kuzunguka kwake kwa mkono ni dalili njema, ila usiiwashe kwanza. Toa plagi, mimina mafuta mepesi kidogo katika kila silinda na uache yakae, kisha fungua kifuniko cha ubavuni kinachofunika springi za vali. Mwambie mtu azungushe injini taratibu huku wewe ukimulika kwa tochi. Katika injini za aina hii zilizokaa muda mrefu, vali hupanda ikabaki juu kwa sababu shina lake limeshikwa na kutu ndani ya gaidi, yaani kibomba kinacholiongoza. Utaiona wazi: tapeti (kidude kinachoisukuma vali) inashuka, vali haiifuati. Ilowanishe kwa mafuta ya kulegeza kutu, igonge taratibu irudi chini, izungushe tena, urudie mpaka ishuke yenyewe kwa nguvu ya springi yake. Ukiipima mgandamizo kabla ya hapo utasoma sifuri kwenye silinda hiyo na kudhani pistoni zimekwisha.

Udhaifu wake upo, nao ni mwendo mrefu wa pistoni, karibu milimita 117. Injini ya namna hii haipendi mizunguko mingi kwa muda mrefu, kwa kuwa mzigo unaoziangukia koni (mikono ya pistoni) na beringi zake huongezeka haraka kuliko kasi yenyewe inavyoongezeka. Uwiano wa difu (gia za katikati ya ekseli) ni 5.83, yaani kwenye gia ya juu injini huzunguka mara 5.83 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu, na tairi zake za 9.00-16 husogea takribani mita 2.7 kwa mzunguko mmoja. Ukipiga hesabu, kilomita 70 kwa saa ni mizunguko kama 2,500 kwa dakika, na kilomita 88 kwa saa ni karibu 3,200, ambako ndiko nguvu yake ya juu kabisa iliko. Anayekubali kuendesha kwa 70 atakuwa na injini hiyo kwa muda mrefu sana.

DizeliDaima alijibu:

Naheshimu maelezo ya MlinziWaUasili, lakini naomba tusimfiche mwenzetu upande wa pili. Injini ya 4BT, kwa toleo lake la kawaida la magari ya mizigo, hutoa farasi 105, na msukumo wake wa chini ni mkubwa kuliko wa ile ya petroli kwa kiasi utakachokihisi mlima wa kwanza tu. Inakula mafuta kidogo, haina mfumo wa kuwashia cheche unaosumbuliwa na unyevu, na vipuri vyake vinapatikana kwa sababu familia hiyo ya injini imefungwa kwenye magari na mitambo mingi duniani.

Hata hivyo, sitamshauri mtu aifunge bila kusoma hesabu ile ile iliyotolewa hapo juu. Gavana (kidhibiti cha mizunguko) ya 4BT nyingi huishia kati ya mizunguko 2,500 na 2,800. Ukibakiza giaboksi na difu za asili, kwa mizunguko 2,500 utakuwa kwenye kilomita 70 kwa saa, yaani pale pale petroli ilipokuwa inakwenda kwa starehe, ila sasa ndipo injini yako inapofikia mwisho. Kwa maneno mengine, dizeli peke yake haikuongezei kasi. Unahitaji giaboksi yenye ovadraivu (gia ya juu inayotoa mizunguko mingi kuliko injini): kwa uwiano wa 0.75 kasi hiyo inapanda hadi karibu 93. Au unabadilisha gia za difu ziwe za 4.89, uwiano uliotumika kwenye malori ya kiraia ya Dodge Power Wagon, na hapo utapata kama 83. Difu ya mbele na ya nyuma lazima zibadilishwe pamoja, kwa sababu ekseli mbili zenye uwiano tofauti zitapigana pindi utakapoingiza uendeshaji wa magurudumu manne.

Uzito nao si wa kupuuzwa. Injini hiyo inapita kilo 330, inatikisika sana ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na sampu yake (bakuli la mafuta chini ya injini) iko jirani mno na difu ya mbele springi zinapobanwa. Kabla ya kuchomelea mabano ya injini, ondoa bapa zote za springi za mbele isipokuwa lile kuu la kila upande, nyanyua ekseli kwa jeki mpaka iguse vizuizi, halafu upime nafasi iliyobaki. Vipimo vilivyochukuliwa gari likiwa limetulia havikusaidii kitu.

BiTransfa alijibu:

Kwa kuwa tunalinganisha, naomba niulize kama M37 ndiyo chaguo pekee, au bado kuna nafasi ya kufikiria lori jingine. Mimi niko kwenye Unimog 404, iliyotengenezwa na Mercedes-Benz kati ya 1955 na 1980, zaidi ya 64,000, nyingi zikiwa za jeshi la Ujerumani. Ekseli zake ni za aina ya potali, yaani kila gurudumu lina kisanduku chake cha gia kinachoinua ekseli juu ya kitovu cha gurudumu, na ndiyo maana nafasi iliyo chini ya difu inafika takribani milimita 400. Springi zake ni za koili kote, na kufuli za difu zipo mbele na nyuma.

Raha hiyo ina gharama yake kwa fundi wa nyumbani. M37 ina ekseli mbili za kujaza mafuta na kuzichungulia. 404 ina difu mbili pamoja na visanduku vinne vya magurudumu, na kila kimoja kina sili zake zinazoweza kuvuja, baadhi zikivujia ndani ya drami za breki. Propela shafti zake (fimbo zinazopeleka nguvu kwenye ekseli) zimefungiwa ndani ya mabomba yanayobeba msukumo wa ekseli, kwa hiyo kubadilisha klachi au giaboksi si kazi ya jioni moja. Hesabu ya dizeli ni kali zaidi huku kwetu, kwa sababu injini ya asili ya lita 2.2 inafikia nguvu yake kwenye mizunguko 4,850 na gia zote zilipangwa kwa ajili hiyo. Ukiweka dizeli inayoishia 2,800 bila kugusa gia, lori la kilomita 95 kwa saa linashuka hadi kama 55. Kwa anayeanza, M37 inasamehe zaidi.

SpanaYaBabu aliandika:

Ahsante sana, dada BiTransfa. Lori tayari liko uani, kwa hiyo chaguo la aina limekwisha. Ninachokiona katika hesabu zenu ni kwamba swali langu la kwanza lilipaswa kuwa kasi gani naitaka, si injini gani. Nikiridhika na 70, injini ya asili inatosha. Nikitaka 90, sibadilishi injini peke yake bali injini, giaboksi, mabano, propela shafti na rejeta. Sijasikia mtu akigusia breki, na pedali yangu iko sakafuni.

MzeeWaBreki alijibu:

Umefika pale nilipokuwa nakusubiri, mwanangu. Kasi ya lori haiamuliwi na injini, inaamuliwa na kile kitakacholisimamisha, na hapo ndipo njia zote tatu zinapokutana, kwa sababu hakuna hata moja inayoruhusu breki hizo kubaki zilivyo.

M37 ina drami kote, masta silinda (pampu ya pedali inayosukuma mafuta ya breki) iko chini ya sakafu, na mfumo ni wa njia moja. Maana yake ni kwamba bomba moja likipasuka au silinda ndogo ya gurudumu moja ikivuja, magurudumu yote manne yanapoteza breki kwa wakati mmoja. Usikarabati masta silinda hiyo na kuirudisha. Weka ya njia mbili, mbele peke yake na nyuma peke yake, yenye kipenyo kinacholingana na jumla ya silinda ndogo zinazolishwa, na uijengee bano imara kwenye chasisi badala ya bati la sakafu. Bomba zote za chuma ziwe mpya, pamoja na mipira yote inayoshuka kwenye ekseli. Mpira wa zamani unaweza kuonekana mzima kwa nje huku ndani umevimba na kuziba, mafuta yakaenda yakashindwa kurudi, na gurudumu likabaki limeshikwa.

Chunguza pia mafuta ya breki yaliyomo. Jeshi la Marekani lilihamia kwenye mafuta ya silikoni, DOT 5, na malori mengi yaliyouzwa baadaye yanayo hayo, wakati mengine bado yana DOT 3, aina ya kawaida isiyo ya silikoni. Aina hizi mbili hazichanganywi. Silikoni hainyonyi maji, kwa hiyo unyevu ukiingia hukusanyika sehemu ya chini kabisa na kutoboa hapo kwa kutu. Kwa kuwa unabadilisha kila kitu, chagua aina moja, andika kwenye kifuniko cha masta silinda, na usiichanganye na nyingine.

Drami za asili zilizochongwa vizuri na kurekebishwa sawasawa zinatosha kwa kilomita 70. Ukienda njia ya pili na kutaka 90, ukiwa na uzito ulioongezeka mbele, funga diski angalau kwenye ekseli ya mbele pamoja na basta, kifaa kinachoongezea nguvu mguu wako kwenye pedali. Gharama hiyo ni sehemu ya gharama ya dizeli, na anayepiga bajeti ya injini bila kuiweka breki humo hajamaliza kupiga bajeti.

Nyaya24 alijibu:

Nami niongeze upande wa umeme. Lori hili ni la volti 24, betri mbili za volti 12 zikiwa zimeunganishwa mfululizo, na dainamo ya ampea 25. Wengi hukimbilia kulishusha hadi 12. Kwa njia ya kwanza na ya tatu sioni faida yake, kwa kuwa stata ya volti 24 inazungusha injini vizuri hata nyaya zikiwa ndefu, na mfumo wa cheche uliofungwa kuzuia maji ni kazi nzuri ya uhandisi isiyofaa kutupwa. Kwa redio na chaja, funga kifaa cha kushusha volti kutoka 24 hadi 12. Usichukue volti 12 kutoka kwenye betri moja tu, kwa sababu hiyo itapungukiwa chaji huku mwenzake ikichajiwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa mapema.

Unapobadilisha nyaya, usikate fungu zima mara moja. Kila waya wa jeshi una kibati kidogo chenye namba. Kisafishe, uisome, na namba hiyo hiyo uiweke kwenye waya mpya. Ukienda njia ya dizeli, stata ya 4BT hupatikana kwa volti 12 au 24, kwa hiyo amua mapema.

KutuNaRangi alijibu:

Mambo mawili ya afya, kwa ufupi. Rangi za zamani za jeshi zinaweza kuwa na madini ya risasi na kromati, kwa hiyo usizipige msasa mkavu bila barakoa ya chujio sahihi, na usizichome kwa moto wa kuchomelea bila kwanza kuziondoa mahali hapo. Lainingi za breki na klachi za miaka hiyo zichukulie kuwa zina asbesto: zilowanishe, zifute kwa kitambaa, usizipulize kwa kompresa.

Jingine ni rimu za vipande zenye pete ya kufungia. Toa kiini cha vali na uhakikishe upepo wote umekwisha kabla ya kugusa pete, na unapojaza, gurudumu liwe ndani ya kizimba cha chuma au limefungwa minyororo, nawe usimame pembeni. Pete iliyoliwa na kutu ikiruka inaua. Kama rimu zako zina kutu ya kumenyeka, tafuta rimu za kipande kimoja, hata kama unataka uasili.

SpanaYaBabu aliandika:

Basi nimeamua. Nitafuata njia ya tatu: injini ya asili baada ya kukagua vali, volti 24 kama zilivyo, breki za njia mbili na bomba mpya, rimu za kipande kimoja, na kasi ya 70. Masta silinda nitaifunga kwenye bano lenye nafasi ya kuongeza basta, ili nikitaka ovadraivu siku za usoni nisilazimike kuvunja tena. Sakafu nitaichomelea mwisho, baada ya bomba za breki kupita. Jumamosi naanza kwa kunyanyua gurudumu moja la nyuma nifungue drami. Handibreki inashika vizuri, kwa hiyo lori halitasogea.

MzeeWaBreki alijibu:

Hapo simama kwanza, mwanangu. Handibreki ya M37 haishiki magurudumu. Inashika drami iliyo nyuma ya transfa, yaani inazuia propela shafti ya nyuma. Ukinyanyua gurudumu moja tu la nyuma, difu inaliacha hilo lililo hewani lizunguke upande mmoja na lililo chini lizunguke upande mwingine, na lori litateleza kutoka kwenye jeki huku handibreki yako ikiwa imeshika kikamilifu. Weka magogo mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele, nyanyua ekseli nzima ya nyuma, ikalishe kwenye stendi mbili, uitikise kwa mkono, ndipo ufungue nati.