Ukoo wa Ngamiani: Kikao cha Vichekesho, Jumamosi

JUMANNE

Zuhura, saa 2:10 usiku
Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Niliandika humu tangu Ijumaa, na kati ya watu kumi na tisa waliojibu ni wawili, mmoja wao Mjomba Idi aliyetaka kujua kama kutakuwa na sambusa. Narudia. Jumamosi baada ya magharibi tutakutana kwa Bi Mkubwa kutazama vichekesho kama tulivyofanya Desemba. Safari hii kila mmoja amteue mhusika asiyependeka, mwenye wahaka na visirani, kisha atueleze ni kitu gani kinachomvuta kwake hata hivyo. Majina yaliyokwisha kuingia, yote ya tamthilia za televisheni za Marekani na Uingereza, ni George Costanza wa Seinfeld, Basil Fawlty, yule mwenye hoteli wa Fawlty Towers, Niles Crane wa Frasier na Arnold Rimmer wa Red Dwarf, ile ya chombo cha angani. Andikeni sentensi kamili, tafadhali, kwa sababu Bi Mkubwa husomewa ujumbe huu kila asubuhi, na amekwisha kusema kwamba vifupisho vyenu vinamuumiza kichwa.

Salma, saa 2:34 usiku
Shikamoo Shangazi, na wakubwa wote humu shikamooni. Mimi ni wa Niles, na sioni haya kusema kwamba kwangu ndiye mwanamume mzuri kuliko wote katika tamthilia ile. Ni daktari wa akili anayefuta kiti cha mkahawa kwa leso kabla ya kukikalia, na anajivunia mvinyo na opera mpaka unatamani kumzaba kofi. Lakini tazameni kipande kile cha mwaka 1999, anapomsubiri mgeni wa kike usiku wa Siku ya Wapendanao. Anaona suruali yake haijanyooka, anaivua aipige pasi, anaona uzi umechomoza, anatafuta mkasi, anajikata kidole, anaiona damu na kuzimia. Anazinduka, anaiona tena, anazimia tena. Anapojaribu kuondoa doa la damu kwenye sofa ya kaka yake kwa dawa inayoshika moto, pasi huku nyuma inaiunguza suruali, na mwisho wake sofa inawaka. Muda wote huo, dakika kadhaa, haongei na mtu. Mwanamume anayejitesa hivyo ili tu apendeze mbele ya mgeni mmoja, mimi nitamchukiaje? Na Daphne, mhudumu wa baba yake, Niles alimpenda kimoyomoyo tangu mwaka 1993, na Daphne mwenyewe hakujua mpaka mwaka 2000 ulipokaribia.

Mjomba Idi, saa 2:41 usiku
Marahaba, mwanangu. Huyo uliyemweleza namjua vizuri, ni Baba Rehema mtupu, leso na kila kitu. Tofauti yao ni kwamba David Hyde Pierce alipewa tuzo nne za Emmy kwa kumwigiza Niles, na Baba Rehema hajapewa hata moja.

Zuhura, saa 2:44 usiku
Mjomba, nakuomba tusitoke kwenye mada. Kuna jambo la haraka kuliko hilo: projekta tuliyotumia Desemba iko kwa nani?

Mjomba Idi, saa 2:50 usiku
Muulizeni aliyeifuta vumbi.

Zuhura, saa 3:15 usiku
Naona watu kumi na mmoja wameusoma ujumbe wa projekta na wote wamenyamaza, kwa hiyo naendelea na zamu yangu. Mimi namteua George. Ni mwongo, bahili na mwoga. Katika kipande kimoja cha mwaka 1994 moto mdogo unazuka kwenye sherehe ya mtoto, naye anawasukuma watoto na bibi kizee ili atoke wa kwanza, kisha anawaambia wazimamoto kwamba alikuwa akiwaongoza wenzake njia. Mwaka huo huo anaamua kutenda kinyume cha kila anachotumwa na nafsi yake. Anamwendea mwanamke asiyemjua, anajitambulisha kuwa hana kazi na anaishi kwa wazazi wake, na mwanamke anafurahi. Kwa kawaida yake angedai kuwa ni msanifu majengo. Kwa maoni yangu jibu letu limo mle mle: kinachotuvuta si visirani vyake, bali ni kwamba sisi watazamaji tunaujua ukweli wake wote, na mtu unayemjua hivyo, hata akiwa mbaya, anakuwa wako.

JUMATANO

Mbaraka (Leicester), saa 1:20 asubuhi
Asalaam aleikum. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa zamu ya usiku. Nakubaliana na Da Zuhura nusu. Jason Alexander, aliyemwigiza George, amewahi kusimulia kwamba alilalamika kwa Larry David, mwandishi wa Seinfeld, kuwa kisa fulani hakiwezi kumtokea mtu yeyote, na kwamba hata kikitokea hakuna atakayekipokea vile. Larry David akamjibu kuwa kilimtokea yeye, na ndivyo alivyokipokea. Tangu hapo mwigizaji akajua kwamba George ndiye mwandishi mwenyewe. Hiyo ndiyo tofauti yake na mhuni wa kawaida wa vichekesho: mtu ameketi akauandika uchafu wake mwenyewe bila kuusafisha, na kanuni yao kazini ilikuwa kwamba hakuna kukumbatiana wala kujifunza. Hatuombwi kumsamehe, na pengine ndiyo maana tunamsamehe.

Ila mimi ni mtu wa Rimmer. Red Dwarf ilianza BBC2 mwaka 1988, na Rimmer, akiigizwa na Chris Barrie, ni marehemu aliyerudishwa kwa umbo la hologramu, yaani taswira ya mwanga tu, na herufi H imebandikwa kwenye paji la uso. Alipokuwa hai kazi yake ilikuwa kuzibua mashine za supu ya kuku, na ndoto yake ilikuwa kuwa ofisa. Katika mtihani mmoja aliandika mara mia nne kwamba yeye ni samaki, akacheza ngoma kidogo, akazimia. Ni mnoko, ni mwoga, anapenda vyeo kuliko watu. Hata hivyo, siku unayosikia kwamba baba yake aliwauliza watoto mezani maswali ya kuongoza vyombo vya angani, na asiyejibu hakula, na kwamba yeye alikaribia kufa kwa njaa, basi yale majivuno yote unayaona kwa jicho jingine. Maneno yake ya mwisho duniani yalikuwa jina la supu, gazpacho, kwa sababu siku pekee aliyoalikwa kwenye meza ya nahodha aliirudisha jikoni ipashwe moto, hali ni supu inayonywewa baridi. Alikufa akiiwaza aibu hiyo. Nani humu ndani hana gazpacho yake?

Mjomba Idi, saa 2:05 asubuhi
Mimi gazpacho yangu ni ile harusi ya Muheza, na aliyepiga picha aifute.

Mjomba Idi, saa 2:09 asubuhi
Kwa uzito kidogo, maana Zuhura ataniondoa humu. Mnakwenda mbali bure. Hapa hapa Tanga tulikuwa na Amri Athumani, yaani King Majuto, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki Agosti 2018. Mara ngapi aliigiza mzee bahili, mlaghai, mgomvi, nasi tukampenda hivyo hivyo mpaka watoto wakamwiga barabarani?

Mbaraka (Leicester), saa 2:30 asubuhi
Ni kweli, Mjomba, lakini mzee yule alikuwa mjanja aliyejiamini. Hakukesha akijiuliza watu wanamwonaje. Hawa wetu hawalali. Katika kipande kimoja Rimmer anapata nakala yake mwenyewe ya kuishi naye chumba kimoja, akidhani amepata rafiki hatimaye, na haupiti muda wanatukanana. Uovu wake wa kwanza anautenda juu ya nafsi yake, sisi wengine tunapata makombo.

Baba Rehema, saa 10:40 jioni
Nimesoma yote, ingawa nilikuwa kazini. Kuhusu kufuta viti, nilikifuta kile cha Handeni kwa sababu kila mtu anajua kilichokuwa juu yake, na aliyekikalia kabla yangu yumo humu na anajijua. Hilo nimelizoea. Nisilolizoea ni hili la Basil kurudishwa kwenye orodha kana kwamba hakikutokea kitu. Desemba mlipofika pale anapoipiga gari yake kwa tawi la mti, mtu alisema kwa sauti kwamba huyo ni marehemu Baba na nyumba yetu ya wageni, na mkacheka nyote mbele ya Mama. Niliondoka kabla ya chakula. Hakuna aliyeniuliza kwa nini, isipokuwa jirani.

Zuhura, saa 10:52 jioni
Kaka, aliyesema alisema kwa mapenzi. Ndilo hasa jambo tunalolizungumza: kwamba mtu mkali asiyetulia anaweza kupendwa.

Baba Rehema, saa 10:55 jioni
Anaweza. Lakini sikuona mapenzi, niliona meno.

Salma, saa 11:30 jioni
Mimi nilifikiri Baba mdogo aliondoka kwa sababu ya mvua.

ALHAMISI

Salma, saa 3:00 asubuhi
Shikamooni. Nimemsomea Bi Mkubwa ujumbe wote, pamoja na ule wa Handeni. Ameniamuru niandike kama anavyosema, nisipunguze neno. Anasema hivi:

«Nimewasikia. Marehemu hakuwa Basil. Nilimtazama yule Mwingereza Desemba, na mjukuu akawa ananifasiria. Yule akimwona anayejiita bwana mkubwa anamnyenyekea, na yule kijana Mhispania anayebeba sahani anampiga. Marehemu aliwahi kumfokea mkuu wa wilaya kwa sababu ya taulo, na mpishi wetu hakumgusa hata siku moja. Kwa hilo mwanangu ana haki ya kukasirika. Lakini mimi alinifokea, na mnajua alinifokea, kwa hiyo asimfanye marehemu kuwa malaika. Sasa nauliza. Mmeandika kurasa kwa kurasa juu ya wanaume wanne. Nani kati yenu amemtaja Sybil, mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akiiendesha ile hoteli? Mtu wa namna hiyo anawapendezeni kwa nusu saa kwa sababu ikiisha nyinyi mnaondoka, na yeye mnamwachia mkewe.»

Mjomba Idi, saa 5:47 asubuhi
Shikamoo Dada. Sina la kuongeza.

Zuhura, saa 7:12 mchana
Shikamoo Bi Mkubwa, tumekusikia. Napendekeza Basil asitazamwe kwanza, tuanze na pasi ya Niles, kisha tumwone Rimmer na mwenzake wa kipande cha mwaka 1991, yule Ace shujaa anayetoka ulimwengu mwingine. Nadhani hoja ya Bi Mkubwa inapatikana hapo pia. Wawili wale walikuwa mtoto mmoja mpaka siku mmoja wao aliporudishwa darasa, na aliyerudishwa ndiye aliyekuwa shujaa. Sasa Ace anapendwa na kila mtu mle ndani, lakini sijawahi kusikia mtu wa ukoo huu akisema anamwota. Kwa nini?

Shangazi Mwanajuma, saa 12:20 jioni
Kwa sababu Ace hamhitaji mtu. Samahani, simu ilikuwa kwa fundi, ndiyo nimesoma sasa. Wanawake humu tumelelewa kumpenda mwenye dosari tukidhani tutamtengeneza, ndipo mnaona Niles anatutoa machozi. Nageuza swali la Bi Mkubwa: mwanamke mwenye visirani vile mngempenda? Mimi nampigia kura Elaine wa Seinfeld. Ni mbinafsi kama George, anacheza ngoma mbaya kuliko wote mjini New York, na wanaume humu hawakumkumbuka hata kumtaja.

Zuhura, saa 12:31 jioni
Shangazi, orodha ilifungwa jana, lakini nitaona. Mbaraka, unacho kipande cha Elaine anachocheza ofisini, cha mwaka 1996?

Mbaraka (Leicester), saa 2:15 usiku
Ninacho, ila ni kizito kutuma, huenda kikafika Jumapili.

Zuhura, saa 2:20 usiku
Basi tutakwenda na kilichopo. Hata hivyo projekta bado haijulikani iko wapi, na Baba Rehema hajasema kama anakuja.

Baba Rehema, saa 4:05 usiku
Projekta iko kwangu, kwenye mfuko wake, na imefutwa. Sijasema siji. Nauliza tu, kabla sijaitoa ndani, ni nani atakayeshika rimoti mkifika kwa Basil.